Nani ataanza Jumapili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumchagua kwotabeki katikati ya msimu

Maswali haya huwa nayajibu kila mwaka kuanzia Septemba hadi Januari. Wanaoniuliza ni watu waliozoea soka, wameanza kuifuatilia NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, na hawaelewi kwa nini timu nzima inatikisika mchezaji mmoja akiwekwa benchi. Nimeyakusanya hapa. Pale nilipo na msimamo wangu nimeusema waziwazi.

Kwotabeki ni nani hasa, na kwa nini akibadilishwa kelele zinakuwa nyingi hivyo?

Ndiye anayepokea mpira kutoka kwa senta, mchezaji wa katikati ya safu ya mbele, mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, kisha anaurusha, anampa mkimbiaji, au anakimbia nao mwenyewe. Kwa aliyekulia kwenye soka, mfikirie golikipa: nafasi ni moja, na timu haiwi na amani ikiwa wanaoigombania hawajui nani ni namba moja. Tofauti ni kwamba huyu anaugusa mpira kila timu yake inaposhambulia.

Tazama sekunde 40 tu za kazi yake. Mchezo mmoja ukiisha, yaani jaribio moja la kusogeza mpira, si mechi nzima, saa inaanza kuhesabu kuelekea mwingine. Ndani ya kofia yake kuna redio, na kocha anamtajia mchoro, yaani mpango wa mchezo unaofuata, pengine maneno kumi yaliyounganishwa yasiyoeleweka kwa mtu wa nje. Zikibaki sekunde 15 redio inakatika yenyewe. Yeye ameshayarudia maneno yale kwa wenzake kumi, anasogea mstarini, anawasoma walinzi waliosimama mbele yake, na akiona mtego anabadilisha mchoro kwa kupaza sauti katikati ya watu elfu 70 wanaopiga kelele. Kisha anaita mpira. Wanaume watano wa safu ya mbele wameinama, hawamwoni, wanaisikiliza sauti yake tu. Kila kwotabeki ana mwendo wake wa kuita. Mlete mwingine mwenye mwendo tofauti, na mara unaona mmoja wao amechomoka kabla ya wakati na timu imerudishwa nyuma yadi tano. Mashabiki watasema mchezaji yule ni mzembe. Mara nyingi masikio yake yalikuwa bado yanamsubiri yule wa zamani.

Uamuzi ni wa nani?

Wa kocha mkuu, kwa jina na kwa lawama. Lakini meneja mkuu ndiye aliyemsajili mchezaji, na mwenye timu ndiye anayelipa, kwa hiyo hakuna kocha mwenye akili anayembadilisha kwotabeki mkubwa bila kuzungumza nao kwanza. Makocha wa safu ya ushambuliaji nao husikilizwa sana, maana wao ndio wanaoshinda na vijana hawa darasani siku nzima wakitazama video.

Kwa nini asiwape wote wawili nafasi, anayefanya vizuri ndiye aendelee?

Kwa sababu mazoezi hayatoshi. Timu inafanya mazoezi mazito siku tatu kwa wiki, na kila mchoro wa Jumapili ijayo unarudiwa mara chache tu. Ukizigawa nusu kwa nusu, unapata makwotabeki wawili ambao hakuna aliyeiva. Ndiyo maana anayeanza hupewa karibu marudio yote, na wa akiba husimama nyuma akiusoma mchoro kimoyomoyo. Ukitaka kujua kocha anaelekea wapi, usisikilize anachosema Jumatatu. Uliza nani alisimama nyuma ya senta Jumatano.

Tom Landry wa Dallas Cowboys, mmoja wa makocha wakubwa kabisa wa mchezo huu, alilijaribu jambo hilo mwaka 1971. Alikuwa na Craig Morton na Roger Staubach, akashindwa kuchagua. Dhidi ya Chicago Bears, 31 Oktoba, akawa anawapokezanisha mchoro kwa mchoro: huyu anaingia, yule anatoka. Dallas wakafungwa 23–19. Baada ya hapo Landry akamchagua Staubach, na Cowboys hawakupoteza tena mechi hata moja msimu ule. Walimaliza kwa kuwachapa Miami 24–3 katika Super Bowl, fainali ya ligi. Sidai kwamba Morton asingeweza kufika huko. Ninachoamini ni kwamba timu ilikuwa imechoka kusubiri jina.

Kocha anaangalia nini, zaidi ya pasi nzuri?

Nguvu ya mkono ndiyo anayoiona shabiki. Kocha anatazama mpira unatoka mkononi mapema kiasi gani, macho yanakwenda kwa mpokeaji wa pili na wa tatu au yanaganda kwa wa kwanza, na kijana anafanya nini mchoro ukivurugika. Anatazama pia kama anautunza mpira, maana pasi moja ikinyakuliwa na wapinzani karibu na mstari wako wa goli, umeshawapa tachidauni, yaani bao kubwa la mchezo huu.

Kuna jingine lisiloandikwa kwenye takwimu. Wachezaji wenzake wanajua. Mpokeaji anajua nani anamrushia mpira unaofika, na nani anampelekea mpira unaomwacha kifua wazi mbele ya walinzi avunjwe mbavu. Ukitangaza jina ambalo vyumba vya kubadilishia nguo vimeshalikataa, umepoteza mambo mawili kwa mpigo.

Mwenye namba akiumia halafu akapona, si haki yake kurudi?

Hili ndilo swali linalonigusa zaidi, na nimebadilisha mawazo mara kadhaa.

Anza na Drew Bledsoe. Machi 2001 New England Patriots walimpa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 103. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo, dhidi ya New York Jets, alikimbia na mpira kuelekea pembeni mwa uwanja, na Mo Lewis, mlinzi wa Jets, akamkuta pale na bega. Bledsoe alisimama, hata akarudi uwanjani kidogo. Ndani ya kifua alikuwa anavuja damu, na usiku ule alikuwa hospitali. Nafasi yake ikachukuliwa na Tom Brady, kijana aliyechaguliwa wa 199 katika drafti ya mwaka 2000, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu.

Novemba Bledsoe akaruhusiwa na madaktari. Kocha Bill Belichick akamwacha Brady, na akaamua hivyo mara tu baada ya kufungwa na St. Louis Rams 24–17, rekodi ya timu ikiwa ushindi tano na vipigo vitano. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Wengi wangejificha nyuma ya kipigo kile na kusema mwenye namba arudi. Yeye alikuwa ameona kitu mazoezini na akakisimamia. Patriots hawakufungwa tena. Walishinda mechi sita zilizobaki, wakashinda mbili za mtoano, na 3 Februari 2002 wakawafunga Rams walewale 20–17 katika Super Bowl, kwa mpira wa yadi 48 uliopigwa kwa mguu na Adam Vinatieri muda ukiisha.

Sasa mtazame Alex Smith wa San Francisco 49ers, mwaka 2012. Alikuwa akikamilisha pasi saba katika kila kumi. Dhidi ya Arizona, mwisho wa Oktoba, alirusha 19 na 18 zikafika. Wiki mbili baadaye akapata mtikisiko wa ubongo dhidi ya Rams. Colin Kaepernick akaanza dhidi ya Chicago Bears, wakashinda 32–7, na kocha Jim Harbaugh hakurudi nyuma tena. Kwa hesabu ya uwanjani alikuwa sahihi: katika mtoano Kaepernick alikimbia yadi 181 dhidi ya Green Bay, jambo ambalo hakuna kwotabeki aliyewahi kulifanya katika mechi moja, na 49ers wakafika Super Bowl wakapoteza kwa Baltimore 34–31.

Lakini mimi hili linaniuma. Smith hakufanya kosa lolote. Na kila mchezaji aliyekuwa akitazama alijifunza somo baya: ukisema kichwa kinakuzunguka, unaweza kuipoteza kazi yako. Sisemi Harbaugh alipaswa kumrudisha. Nasema anayefanya uamuzi wa namna hiyo ana deni kwa aliyeumia, na deni hilo hulipwa kwa kumwambia ukweli mapema na kumruhusu aende anakotakiwa. Smith aliuzwa Kansas City mwaka 2013 na akawa mwenye namba huko.

Upo pia mfano wa kurudi. Miami Dolphins wa 1972, timu pekee ya NFL iliyomaliza msimu mzima hadi Super Bowl bila kufungwa, ilicheza mechi nyingi kwa mkono wa Earl Morrall, mzee wa miaka 38, baada ya Bob Griese kuvunjika mguu katika mechi ya tano. Morrall hakupoteza hata mechi moja. Katika mechi ya kuwania kwenda Super Bowl, dhidi ya Pittsburgh, walikwenda mapumziko 7–7, na kocha Don Shula akamwingiza Griese. Wakashinda 21–17, na Griese akaanza Super Bowl. Hebu fikiria: mtu hajafungwa, naye anaombwa akae. Morrall alikaa bila kuvuruga timu. Heshima ya msimu ule mimi naigawa katikati.

Jibu langu basi: jeraha halimpokonyi mtu namba, na halimhifadhii pia. Akipona, kocha anatakiwa kuuliza upya nani anaipa timu nafasi nzuri zaidi leo, ajibu kwa jina moja, na asiiache timu ikisubiri.

Na anayecheza vibaya tu? Kocha avumilie hadi lini?

Kwanza aulize ubovu unatoka wapi. Msimu ni mechi 17 tu, ligi ya Uingereza ina 38, kwa hiyo kila kipigo kinauma mara mbili na presha ya kufanya chochote ni kubwa. Ndipo makocha wanapokosea.

Buffalo Bills, mwaka 2017. Walikuwa na ushindi tano na vipigo vitatu, wamo kabisa kwenye mbio za mtoano. New Orleans wakawachapa 47–10, walinzi wao wakikimbiwa kama hawapo. Wiki iliyofuata kocha Sean McDermott akamweka benchi kwotabeki Tyrod Taylor na kumwanzisha kijana Nathan Peterman dhidi ya Chargers. Kufikia mapumziko Peterman alikuwa amerusha pasi tano mikononi mwa wapinzani. Taylor akarudishwa kipindi cha pili, mechi ikaisha 54–24. Ugonjwa ulikuwa kwenye ulinzi, dawa ikapelekwa kwenye ushambuliaji. Namsifu McDermott kwa jambo moja: alilirekebisha kosa lake siku ileile, na Bills chini ya Taylor wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 1999.

Upande wa pili wapo Tennessee Titans wa 2019. Walikuwa na ushindi mbili na vipigo vinne, na Denver walikuwa wamewanyima hata pointi moja, 16–0. Kocha Mike Vrabel akamtoa kwotabeki Marcus Mariota, akamweka Ryan Tannehill. Hapa tatizo lilikuwa pale pale kwenye nafasi: mpira ulikuwa unachelewa kutoka mkononi. Tannehill alishinda saba kati ya mechi kumi, kisha katika mtoano Titans wakawatoa New England na Baltimore kabla ya kusimamishwa na Kansas City.

Kumbadilisha katikati ya mechi ni busara?

Mara nyingi hapana, kwa sababu anayeingia hakupata marudio ya wiki. Lakini kuna usiku mmoja ambao kila kocha anaukumbuka: 8 Januari 2018, fainali ya vyuo vikuu, Alabama na Georgia. Kwotabeki Jalen Hurts alikuwa ameanza mechi karibu zote za Alabama kwa misimu miwili na kupoteza mbili tu. Kufikia mapumziko walikuwa nyuma 13–0, naye alikuwa amepata yadi 21 tu za pasi. Kocha Nick Saban akamwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza, tena wa mkono wa kushoto, ambaye mpira wake huzunguka kinyume na wapokeaji walivyozoea. Wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza Tagovailoa akamrushia DeVonta Smith pasi ya yadi 41 iliyomaliza mechi, 26–23.

Watu husema Saban alicheza kamari. Ninavyoona mimi, alikuwa amemwandaa kijana yule tangu mwanzo wa msimu kwa kumpa dakika kila mechi iliporuhusu. Kocha ambaye hajamwandaa wa akiba hana haki ya kuuiga usiku ule.

Mashabiki wakianza kuliita jina la wa akiba, kocha asikilize?

Asisikilize. Januari 2019, mechi ya mtoano dhidi ya Chargers, mashabiki wa Baltimore walimzomea Lamar Jackson, aliyekuwa mgeni kwenye ligi, na kumtaka Joe Flacco aliyekuwa amepona na kukaa benchi. Kocha wao, John Harbaugh, akamwacha Jackson uwanjani. Walipoteza 23–17. Msimu uliofuata Jackson akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote.

Pesa inaingia?

Inaingia, na ni vizuri kulisema bila kung'ata maneno. Mikataba mingine ina kifungu kinachosema mchezaji akiumia vibaya, timu inabaki na deni la mamilioni ya msimu ujao. Timu iliyokwishaamua kuachana naye humtoa uwanjani kabla hajaumia. Desemba 2022 Las Vegas Raiders walimweka benchi Derek Carr zikibaki mechi mbili, kisha wakamwacha Februari. Desemba 2023 Denver Broncos walimfanyia hivyohivyo Russell Wilson, nao pia zikibaki mbili. Aliyepewa namba mara zote mbili ni mtu yuleyule, Jarrett Stidham. Ukiona mabadiliko ya ghafla mwezi Desemba, soma mkataba kabla ya kusoma takwimu.

Mchezaji aambiwe vipi kwamba amepoteza namba?

Usoni, faraghani, mapema katika wiki, na kwa sababu iliyonyooka.

New York Giants walilivuruga hili mwaka 2017. Eli Manning, aliyewapa mataji mawili ya Super Bowl, alikuwa ameanza mechi 210 mfululizo. Kocha Ben McAdoo akampa wazo: aanze ili rekodi isikatike, kisha atolewe mwenzake Geno Smith aingie. Manning akakataa. Kuanza kwa ajili ya hesabu tu hakukuwa kuanza. Smith akaanza dhidi ya Oakland, wakafungwa 24–17, na kesho yake McAdoo na meneja mkuu wakafukuzwa kazi. Timu ile ilikuwa mbovu na swali la kumjaribu mwingine lilikuwa halali. Kilichokera watu ni ile zawadi ya nusu.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Mpwa wangu alicheza nafasi hii sekondari, hukohuko Marekani, na alianza mechi nne. Ijumaa ya mechi ya tano alipanda basi la timu, akamkuta mwenzake amekaa kiti cha mbele na mkononi amefunga ule mkanda wenye orodha ya michoro, ambao huvaliwa na kwotabeki anayeanza. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno. Alisafiri saa nzima akitazama nje ya dirisha. Yule mwenzake alistahili, na mpwa wangu mwenyewe alikiri hivyo wiki ileile. Mkanda ndio ambao mpaka leo anausimulia.

Aliyewekwa benchi afanye nini?

Ajiandae kana kwamba anaanza. Bledsoe hakuwa amecheza tangu Septemba ile alipopigwa kifuani. Januari 2002 huko Pittsburgh, mechi ya kuwania kwenda Super Bowl, Brady akaumia kifundo cha mguu kabla ya mapumziko, na Bledsoe akaitwa. Ndani ya michezo yake ya kwanza alikimbia kuelekea pembeni, akapigwa kikumbo karibu kabisa na kile kilichomlaza hospitali. Uwanja ukashika pumzi. Akanyanyuka, macho yanawaka, na muda mfupi baadaye akamrushia David Patten tachidauni. Wakashinda 24–17. Wiki iliyofuata akarudi benchi, na mwaka huohuo akauzwa Buffalo.

Hurts naye hakuikimbia Alabama baada ya usiku ule. Alibaki mwaka mzima, na Desemba 2018, dhidi ya Georgia wale wale, Tagovailoa alipoumia, yeye ndiye aliyeingia na kuigeuza mechi, 35–28. Februari 2025 aliibuka mchezaji bora wa Super Bowl akiwa na Philadelphia Eagles.

Anayetolewa anaweza kurudi mechi ileile?

Ndiyo. Huku mabadiliko hayana kikomo. Na tangu 2023 timu inaweza kumweka kwotabeki wa tatu wa dharura, anayeruhusiwa kuingia tu ikiwa wawili wa kwanza wameumia au wametolewa nje na mwamuzi, siyo kwa sababu wanacheza vibaya. Kanuni hiyo ilirudishwa baada ya Januari 2023, pale 49ers walipopoteza makwotabeki wote wawili dhidi ya Eagles na Brock Purdy akalazimika kurudi uwanjani na kiwiko ambacho hakikuweza kurusha mpira mbali. Walifungwa 31–7.

Nitajuaje mapema nani ataanza?

Kwa mechi ya Jumapili, timu hulazimika kutoa taarifa ya majeruhi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, ikionyesha nani alifanya mazoezi kamili, nani nusu, nani hakufanya. Kwotabeki asiyefanya mazoezi Jumatano anaweza kuwa anapumzishwa tu; asipofanya na Ijumaa, anza kujifunza jina la wa akiba. Orodha ya wasiocheza hutoka dakika 90 kabla ya mechi. Kwa mechi zinazoanza saa saba mchana upande wa mashariki wa Marekani, hiyo ni saa kumi na mbili na nusu jioni Dar es Salaam na Nairobi, na kuanzia Novemba, wakirudisha saa zao nyuma, inakuwa saa moja na nusu usiku.